Titi la Kulia

Saa kumi alfajiri, Betsukai, theluji imefika dirishani.
Zizini maziwa yanapita kwenye mrija wa kioo
na mwanga unapita ndani ya maziwa.
Nimesimama na ndoo, siwazi kitu,
mpaka taa ya ng'ombe wa arobaini na moja
inageuka nyekundu:
kiwele, robo ya nyuma, kinaanza kuwaka.

Nikamgusa. Hana joto. Anatafuna.
Anatafuna kama ambaye hajaambiwa.

Nami chini ya makoti mawili
titi la kulia lilikuwa gumu kama kiazi kibichi,
siku ya pili sasa,
na hakuna aliyeniwashia taa.

Mama mkwe, Bi Fusae, alikuwa amenisagia magimbi na tangawizi,
akanikanda, akanifunga kitambaa, akasema: Vumilia.
Kisha akafungua vifungo vya sweta
akanionyesha kovu refu kama kidole
chini ya ziwa lake la kushoto.
"Huu ndio uvumilivu wangu, wa mtoto wa kwanza.
Kwa hiyo usivumilie. Nenda."
Kinywa kimoja, mashauri mawili; nikashika la pili.

Zahanati ya mjini ina kisanduku
kikubwa kama sufuria ya umeme ya wali.
Anayekitunza ni Nakagome, kijana mwenye haya,
aliyeanzia kazi kiwanda cha jibini.
Alitazama ukuta nilipokuwa nikikamua.
Matone kumi ya kulia, matone kumi ya kushoto,
vichupa viwili, vyeupe sawasawa.
"Macho yangu hayaoni tofauti," akasema. "Yako je?"
Hata yangu.

Akabonyeza. Hapakuwa na mngurumo wala cheche.
Mwanga ule hauonekani, makao yake ni ng'ambo ya wekundu;
unaingia ndani ya tone kama mgeni,
unabisha hodi kwa mafuta, kwa protini, kwa maji,
na kila mwenye nyumba anamnyang'anya kidogo cha alichobeba.
Kinachosalia ndicho kinachotokea upande wa pili
kutoa ushahidi.

Kushoto, mstari uliotulia.
Kulia, mstari ule ule, ila mahali fulani
ulipandisha bega.
Bega dogo tu,
kama mtu anayetaka kusema na anasita.

"Hapa," akasema Nakagome, "nadhani askari weupe wamekusanyika.
Kuta zimelegea, chumvi inavuja.
Homa haijafika. Na kisanduku nacho hukosea,
mara moja katika kumi, labda zaidi,
ndiyo maana daktari atakushika kwa mikono yake."
Nilimpenda kwa ile "labda zaidi".

Daktari alinishika. Akasema nisimwachishe mtoto,
niweke barafu, nilale nikiweza (akacheka mwenyewe),
nirudi keshokutwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini mimi wingu lilikuwa limeshapita mbele yangu
na sikuinua uso.
Juzi usiku Chinami, wa wiki saba,
alilishika titi la kulia, akaliachia,
akakunja uso, akageukia kushoto.
Nilisema anadeka. Nilisema ana ubaguzi.
Sasa, garini, kabla ya kuwasha injini,
nikachovya kidole, nikaonja.

Chumvi.

Kumbe kipimo cha kwanza kilikuwa ulimi
usiozidi ukucha wangu wa gumba;
kilishatoa majibu siku mbili zilizopita
na aliyepaswa kuyasoma alikuwa anasinzia.

Jioni nikapita zizini.
Wa arobaini na moja ametengwa, ametiwa dawa,
maziwa yake yatamwagwa siku nne.
Yangu hayamwagwi.
Nilitaka kumwambia hilo, nikaona si uungwana.
Tukatazamana tu, barafu ikinidondoka ndani ya sidiria,
kama wanawake wawili wasiojuana
waliokutana kwenye foleni ya hospitali.